Pikapu ya dizeli au ya petroli? Kisa cha mnunuzi wa viazi Nyanda za Juu Kusini

Jina la mhusika, mji wake na gereji zilizoguswa nimeviacha makusudi, na fedha nimezikadiria kwa tarakimu za karibu ili asitambulike. Vitabu vyake vya duka nilivipitia mwenyewe baada ya mwaka wa kwanza wa gari, aliponiita nimsaidie kujua kama limemwingizia au limemla. Nakieleza kisa chake kwa sababu swali la dizeli au petroli watu wengi hulijibu kwa kusikia, na yeye alilipia jibu hilo kwa fedha taslimu.

Mhusika na shida yake

Nitamwita Mama N. Ana duka la pembejeo katika mji ulio takriban meta 1,900 juu ya usawa wa bahari. Anauza mbegu, mbolea na dawa za mimea. Mavuno yakifika anageuka mnunuzi wa viazi mviringo: anavikusanya vijijini, anavishusha mjini, na malori ya Dar es Salaam yanavichukua hapo.

Kwa miaka mingi alikodi Canter na pikapu za watu. Kodi ilikuwa inamuuma, lakini kilichomkera zaidi ni zamu. Mvua ikitanda kila mnunuzi anataka mzigo wake utoke shambani siku hiyohiyo, na mwenye gari humpa nafasi mteja anayelipa zaidi. Viazi vilivyobaki shambani siku mbili kwenye matope havirudi kuwa vilevile.

Mwaka 2023 akaamua kununua gari lake. Dereva angekuwa mdogo wake, nitamwita J., kijana mwenye leseni na uzoefu wa kuendesha magari ya wengine. Yadi waliyoiendea ilikuwa na Hilux mbili za kizazi kile kinachoitwa Vigo, zote kabini moja, umri wake karibu sawa, mwendo wake karibu sawa. Moja ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 2.5, bei shilingi milioni 46. Nyingine ilikuwa na injini ya petroli ya lita 2.7, bei milioni 39. Mama N. alikuwa na milioni 39 mkononi. Milioni 7 za ziada zingetoka SACCOS kwa miaka 2, riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua.

Sababu za kuchukua dizeli

J. hakuwa na shaka. "Dada, pikapu ni dizeli. Ukichukua ya petroli utalia sheli kila siku."

Sababu zake zilikuwa tatu, na mbili kati ya hizo nazikubali kabisa. Ya kwanza ni mlima. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua na injini inavuta hiyohiyo iliyopo. Kwenye mji ule tayari imepungukiwa karibu moja ya tano kabla hujapakia hata gunia. Dizeli yenye turbo inaisukuma hewa ndani, hivyo upungufu huo hauisikii sana. Tena nguvu ya kuvuta ya dizeli inapatikana injini ikiwa bado chini, kuanzia mizunguko 1,600 hivi kwa dakika, wakati ile petroli ya 2.7 inaitafuta ya kwake karibu na mizunguko 3,800. Kwa barabara ya vumbi yenye kona na mzigo nyuma, dereva anaijua tofauti hiyo kwenye mguu.

Ya pili ni bei ya kuuzia. Nyanda za Juu, pikapu ya dizeli haikai sokoni.

Sababu ya tatu ndiyo iliyobeba uamuzi, nayo ni mafuta. J. alipiga hesabu nyuma ya risiti: safari 3 kwa wiki, kilomita 180 kwenda na kurudi, wiki 52. Akapata kilomita 28,000 na kitu. Akakadiria kwamba dizeli itaokoa zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na kwamba miaka 2 tu itarudisha zile milioni 7. Hesabu yenyewe ya kuzidisha haikuwa na kosa. Namba aliyoizidisha ndiyo iliyokuwa na kasoro, na hakuna mtu aliyemuuliza kama kweli wiki zote 52 zina viazi.

Mama N. aliuliza swali moja pale yadi: "Na likiharibika?" Akajibiwa kwamba Toyota haiharibiki. Wakachukua dizeli.

Mwaka wa kwanza

Miezi ya mwanzo gari lilifanya kila lililotarajiwa. Lilipandisha na magunia ya lumbesa ambayo kila moja hupita kilo 120, na J. alikuwa akipakia hadi tani na nusu kwenye gari lililotengenezwa kwa tani moja. Jambo hilo nalitaja kwa sababu breki, springi na klachi hazijali injini inatumia mafuta gani. Lumbesa inavila vyote sawa.

Masika yakaja. Barabara za vijijini zikafunga, viazi vikaadimika, na pikapu ikabaki mjini. Duka likaanza kuitumia kwa kila kitu: mifuko miwili ya mbolea kwa mteja wa mtaa wa pili, kwenda benki, kufuata mzigo stendi. Safari za kilomita 2 au 3, injini inazimwa kabla haijapata joto, asubuhi za mji ule zikiwa na baridi ya kuvaa koti zito. Dizeli huchelewa kupata joto kuliko petroli. Ikiendeshwa hivyo muda mrefu, mafuta hayaungui vizuri, masizi yanajaa, na oili inachafuka mapema.

Siku moja ya mwisho wa masika J. aliishiwa mafuta kijijini, akanunua lita 20 za kidumu kwa mwenye duka la bidhaa mchanganyiko. Siku chache baadaye taa ya chujio la mafuta ikawaka kwenye dashibodi. J. aliiona. Gari lilikuwa linatembea, akaendelea nalo.

Baada ya hapo likaanza kuchelewa kuwaka asubuhi, likatoa moshi mweupe, na sauti ya injini ikawa ya kugonga. Fundi wa karibu alifungua injekta, vile vifaa vinavyomwaga mafuta ndani ya injini na ambavyo mafundi wengi bado huviita nozo, akazisugua kwa brashi na petroli, akabadilisha moja kwa iliyotumika. Alilipwa shilingi 400,000. Gari likatulia siku kumi hivi, kisha likarudia, safari hii likiwa na magunia nyuma na msimu umeshafunguka.

Likavutwa hadi mji mkubwa wa mkoa wa jirani, kwenye gereji yenye mashine ya kupimia injekta. Fundi wa pale alianza na kitu ambacho kilipaswa kufanywa miezi miwili nyuma. Alilegeza kibomba kidogo kilicho chini ya chujio la dizeli, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake, akakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akaiweka chupa juani. Sehemu ya chini, karibu vidole viwili, yalikuwa maji matupu yenye mchanga mwembamba. Dizeli ilielea juu yake. "Mama, haya ndiyo gari lako lilikuwa linakunywa," akamwambia.

Mfumo wa injini hii husukuma dizeli kwa shinikizo linalopita bar 1,300, na ndani ya injekta vyuma vinakutana kwa nafasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Maji hayawezi kulainisha vyuma hivyo, na mchanga unavikwangua. Brashi na petroli haziwezi kurudisha chuma kilichokwanguliwa. Injekta za mfumo huu pia kwa kawaida huja na namba zake ambazo huingizwa kwenye kompyuta ya gari ili ijue kila moja inamwaga kiasi gani. Ukichomeka ya mtumba bila kuzingatia hilo, injini inaendeshwa kwa taarifa za injekta ambayo haipo tena.

Fundi huyo aligoma kufunga kabla hajashusha sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini. Mama N. aliona ni gharama ya kupandikiziwa, lakini mimi nasema hapo ndipo injini ilipookolewa. Injini hizi zina ugonjwa unaojulikana: washa, yaani pete bapa za shaba zinazoziba chini ya injekta, zikianza kuvuja, moshi wa mwako unapenya kwenye oili, masizi yanaganda, na yanakwenda kuziba chujio dogo la kuvutia oili lililo chini kabisa. Likiziba lote, injini inakosa oili ikiwa inatembea. Chujio lake lilikutwa na utando mzito mweusi uliokwishafunika kama theluthi ya wavu.

Injekta 4 zilizokarabatiwa na kupimwa, washa mpya, chujio, kusafisha tangi, oili na ufundi: milioni 3. Gari lilikaa chini wiki tatu katikati ya msimu, na Canter ya kukodi ikachukua milioni 1.8.

Vitabu vilisema nini

Bahati njema ile pikapu ya petroli ilinunuliwa na mfanyabiashara mwingine wa mji huohuo, mtu anayefahamiana na J., naye alikubali kutuonyesha risiti zake. Hivyo nililinganisha gari kwa gari, mlima uleule, vumbi lilelile.

Pikapu ya Mama N. ilitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, nusu na kidogo tu ya zile 28,000 za nyuma ya risiti. Ukichanganya vijijini na mjini ilikwenda wastani wa kilomita 9.5 kwa lita. Ya petroli ilikwenda 7. Bei ya mafuta niliyotumia ni shilingi 3,300 kwa lita kwa zote mbili. Wengine watashangaa, maana wamezoea dizeli kuwa nafuu, lakini anayefuatilia bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi anajua mazoea hayo yamepitwa. Oktoba 2023, kwa mfano, Dar es Salaam petroli ilikuwa shilingi 3,281 na dizeli 3,448. Na kadiri unavyokwenda mbali na bandari, zote zinapanda.

Kwa kilomita moja, basi, dizeli ilikula shilingi 347 na petroli 471. Tofauti ni 124. Kwa kilomita 15,000, Mama N. aliokoa milioni 1.86 za mafuta.

Sasa tutoe. Sevisi ya dizeli ilizidi ya petroli kwa takriban 300,000 kwa mwaka: oili nyingi zaidi kila mara, chujio la oili kubwa, chujio la dizeli ambalo kwa vumbi letu halivumilii. Riba ya zile milioni 7 za SACCOS kwa mwaka wa kwanza ilifika karibu 970,000. Kinachobaki ni shilingi 590,000.

Laki tano na elfu tisini ndiyo faida ya mafuta ambayo mtu aliifungia mkopo wa milioni 7, kabla hata ya kuharibika chochote. Ukiongeza matengenezo ya milioni 3.4 na Canter ya milioni 1.8, mwaka wa kwanza dizeli ilimrudisha nyuma kwa zaidi ya milioni 4.6 ukilinganisha na jirani yake, ambaye katika mwaka huohuo alibadilisha plagi, koili moja na chujio la hewa.

Ningeishia hapo ningekuwa simtendei J. haki. Kama kweli gari lingetembea kilomita 28,000, mafuta yangeokoa karibu milioni 3.5, na baada ya riba na sevisi, ambayo nayo ingepanda kwa kadiri ya kilomita, zingebaki milioni 1.9 na ushee. Kwa mtu wa safari ndefu, J. yuko sahihi. Zaidi ya hapo, zile milioni 7 hazikupotea. Tuliuliza madalali bei za magari yote mawili baada ya mwaka, na dizeli bado ilikuwa inazidi kwa karibu milioni 5. Kwa hiyo gharama halisi ya kuchagua dizeli, tukiacha uharibifu, ilikuwa milioni 2 za kushuka thamani pamoja na riba. Watu wengi hawaihesabu fedha hii iliyolala kwenye gari, na ndiyo inayowafanya walaumu dizeli au waisifu kupita kiasi.

Kilichofaa na kilichoharibu

Mlimani dizeli ilifaa, na hakuna hesabu inayoweza kulifuta hilo. Mwenye pikapu ya petroli alikiri kwamba akipakia kama J. anapandisha kwa gia ya pili huku injini ikilia, na hapo ndipo lita zinapokimbilia. Alichofanya ni kupunguza magunia na kuongeza safari. Kwa kazi yake ya kusambaza bidhaa madukani, mizigo miepesi na kusimamasimama, gari lake lilikuwa limepata kazi inayolifaa.

Kosa la Mama N. halikuwa dizeli. Gari la kazi ya safari ndefu lilipewa pia kazi ya mtaani, kazi ambayo kila kilomita yake ilikuwa ghali kuliko vitabu vilivyoonyesha. Katika zile kilomita 15,000, karibu 6,000 zilikuwa za kuzunguka mjini. Na kwa anayefikiria dizeli mpya zaidi hali ni ngumu kuliko hiyo: pikapu nyingi za miaka ya karibuni zilizotengenezewa soko la Uingereza na Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo halijisafishi kwa safari za kilomita 3. Likiziba, bei yake inaweza kuzidi ile ya injekta.

Kidumu ndicho kilichoua injekta. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015, na Tanzania imekuwa ikiweka vinasaba kwenye mafuta tangu 2010 ili kukamata uchakachuaji. Lakini ubora huo unakufuata hadi kwenye pampu ya kituo tu. Ndani ya kidumu kilichowahi kubeba maji hakuna anayepima. Lita 20 zilimwokoa J. asilale njiani, na sidhani alikuwa na njia nyingine jioni ile. Lakini taa ilipowaka alikuwa na siku nyingi za kufungua kibomba kile, kazi ya dakika kumi isiyohitaji fundi. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kilipo.

Gereji ya kwanza nayo ina fungu lake. Fundi yule ni mzuri wa magari ya zamani yenye pampu na nozo za kawaida, na kwa gari la aina hiyo brashi yake ingesaidia. Mama N. alimpelekea kwa sababu yupo karibu na kwa sababu ni mtu wa kanisani kwake. Kabla ya kununua dizeli ya kisasa, swali la kuuliza ni lile lake la pale yadi, ila lifikishwe hadi mwisho: likiharibika, nani ataligusa, yuko kilomita ngapi, ana mashine ya kupimia? Kama jibu ni mji wa jirani, gharama ya kuvuta gari na siku za kukaa chini ziingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Upande wa petroli una mlango mmoja ambao dizeli hauna, nao ni gesi asilia. Dar es Salaam pikapu ya petroli inaweza kufungwa mtungi, na kilo ya gesi imekuwa ikiuzwa karibu shilingi 1,550. Kwa mtu anayezunguka mjini siku nzima, hapo mjadala unabadilika kabisa, ingawa mtungi unakula nafasi ya mzigo nyuma. Kule Mama N. aliko hakuna kituo cha gesi, kwa hiyo kwake jambo hilo halikuwa la kupimwa.

Gari lilipofikia

Ushauri wangu wa kwanza haukuhusu pikapu. Nilimwambia anunue guta la mizigo la matairi matatu kwa ajili ya mtaani, na akanunua la mtumba. Mbolea za wateja, benki, stendi, vyote vikahamia huko. Pikapu sasa inawashwa kwa safari ya vijijini tu, ikishapata joto inatembea saa tatu mfululizo, na wastani wake umepanda hadi kilomita 10.5 kwa lita. Kilomita za mwaka zimepungua, lakini kila moja inafanya kazi ambayo dizeli inaiweza.

J. anafungua kibomba cha chujio kila Jumamosi na kuangalia kwenye chupa. Kila wiki Mama N. anatenga shilingi 40,000 kwenye akaunti ya gari, isiyoguswa na duka. Magunia yamepungua hadi kufikia tani moja na kidogo, ingawa hili linategemea ni nani amesimama karibu wakati wa kupakia.

Wanachobishania hivi sasa ni mkanda wa taiming, ule unaozifanya vali za injini zifunguke kwa wakati wake. Injini ya petroli ile ina cheni na haina haja hiyo. Ya dizeli mkanda unabadilishwa kila kilomita 150,000, na gari lao limebakiza chini ya 10,000 kufika hapo. J. anataka wauze kabla taa ya mkanda haijawaka, gharama imwangukie mnunuzi. Mama N. anataka abadilishe, abaki nalo misimu miwili zaidi. Niko upande wake. Mnunuzi wa Hilux ya dizeli kule anaijua namba ile kama anavyojua bei ya gunia, na asipoonyeshwa risiti ya mkanda atakata kwenye bei zaidi ya mkanda wenyewe unavyogharimu.